Bata Wanaosimama Wima

Masakta, Hanang
12 Juni 1983

Kaka Gidamis,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko jeshini, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Mama anakula na kutembea vizuri, ila bado hataki kupita upande wa shamba la ngano la serikali. Sababu unaijua.

Leo nakuletea habari za Joakimu, yule msimamizi wa matrekta. Utakumbuka Mama alimpeleka kwa miguu yake mpaka kaburini kwa Baba, akamwomba jembe lipite pembeni. Alimjibu kwamba udongo ni udongo tu, kisha akawaambia wapimaji kuwa eneo lile halina mwenyewe. Kesho yake wakalima. Tangu hapo kila nilipomwona nilibadili njia.

Basi, Januari nilipata kibarua kwenye bustani ya wananchi pale bwawani. Meneja alitaka kibao cha kuwaeleza wageni aina za bata waliopo. Alinichagua kwa sababu ni mtoto wa wafugaji, akasema watu wetu hawakosei mnyama. Wacha wee! Nyumbani kwetu nani amewahi kufuga bata? Niliazima kitabu cha ofisini, nikakaa ukingoni wiki mbili nikiwatazama. Wale weupe wenye mdomo wa njano ni wa Pekini. Wenye nyama nyekundu usoni, wasiolia bali hupuliza tu kama nyoka, ni wa Muskovi. Na mwezi wa tatu wakaongezeka watatu wembamba, wanaosimama wima kama chupa na kukimbia badala ya kuyumbayumba. Hao huitwa wakimbiaji. Wote niliwaandika kwenye daftari la bustani.

Mwezi uliopita mlinzi Tomaso alimkamata Joakimu getini akiwa na tenga, na ndani yake wakimbiaji watatu. Joakimu alisema ni wake. Meneja akaniita na daftari langu, akaniuliza mbele ya watu wote bata wale ni wa nani.

Joakimu aliniangalia, akasema, "Dada Benedikta, sema ukweli tu."

Nikajibu, "Ni wa bustani."

Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Na kwa msako huu wa wahujumu uchumi, jioni hiyohiyo polisi walimchukua kwa kuiba mali ya umma. Mkewe na watoto wametolewa kwenye nyumba ya shamba.

Kaka, wewe peke yako nakuambia. Bata wale walikuwa wake kweli. Aliwaleta mwenyewe mwezi wa tatu alipokwenda likizo, akaniomba kwa upole niwaangalie mpaka arudi. Nilikubali, na alipogeuza mgongo tu nikawaandika kuwa ni mali ya bustani. Hakuna shahidi mwingine.

Nilimweleza Mama, nikidhani atafurahi. Aliniuliza kama sasa kaburi la Baba linaonekana. Tangu siku hiyo hanisemeshi ila habari ya kesi tu, anapika na kuniwekea chakula.

Kesi ni Jumatatu tarehe 27, nami nimeitwa kutoa ushahidi. Mama anataka nikaseme ukweli. Nitakwenda, Kaka, na nitasema vilevile nilivyosema getini.

Wasalimie wenzako kambini. Mama anakuombea uzima.

Mdogo wako,
Benedikta