Bunduki Yako Nairudisha, Halvor

Mdogo wangu Halvor,

Salamu nyingi kutoka huku shambani. Goti lako vipi? Na mkeo Ingrid, kifua kimepona au bado anakohoa huku anakataa dawa? Mimi ni mzima. Mjukuu wangu Janelle ni mzima, farasi wazima, na theluji imeshafika kwenye uzio wa juu.

Bunduki uliyonitumia niliipata. Asante, lakini nairudisha. Umeniandikia kwamba elki si swala, ana mwili wa farasi, kwamba mjane wa umri wangu akitaka kumwangusha lazima awe na ile magnamu ya mia tatu. Wewe Halvor, nani alikufundisha kuwinda kama si mimi? Lile dubwana la bunduki linampiga mtu bega teke kama nyumbu. Mtu akishaogopa teke hufumba macho kabla ya kuvuta, na aliyefumba macho humpiga elki tumboni. Halafu mnyama anakwenda kufia msituni, chakula cha mbwa mwitu.

Najua unakumbuka tulivyokubaliana mezani kwako: nikimjeruhi mnyama nikampoteza, au msimu ukiisha friza likiwa tupu, nauza shamba na kuja kukaa katika chumba chako cha nyuma. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nachezacheza.

Nilichukua ile bunduki ndogo ya marehemu mume wangu Orrin, ya risasi za saba-sifuri-nane. Jirani yetu Burdett aliiona, akaniuliza kama nakwenda kuwinda sungura. Nikamwambia anyamaze, anisaidie kubeba maboksi. Tuliyajaza magazeti yaliyolowa maji, mbele tukaegemeza mfupa wa bega la ng'ombe, nikapiga. Zile risasi nyepesi ulizosifu kwamba zina mbio, kweli zina mbio, lakini zikigonga mfupa zinavunjika vipande kama biskuti. Nzito za shaba tupu zilivunja mfupa, zikaingia ndani kabisa, na tulipozichimbua zilikuwa zimefunguka kichwa kama ua, mwili ukiwa mzima. Burdett aliigeuzageuza moja kiganjani, akasema haya basi, Bibi, lakini usipige nayo mnyama wa mbali. Hapo alisema kweli, na mimi nikasikia.

Siku ya kwanza ya msimu dume kubwa la elki lilisimama kwenye ukingo wa ng'ambo ya bonde, pembe kama mti mkavu. Janelle alinivuta koti akinong'ona, “Bibi, piga! Bibi, unangoja nini, likuletee kahawa?” Nikamwambia risasi yangu ikifika kule itakuwa imechoka, haitafunguka, na mimi sijaja kutoboa ngozi. Likaondoka. Jioni Burdett alicheka mpaka pilipili ya maharage ikampalia. Akauliza kama nimeshafunga mizigo ya kwenda kwa kaka. Nikamwambia Halvor ni mdogo wangu, si kaka yangu, na maharage yakimshinda kuna mkate.

Baada ya hapo nilikuwa nakwenda kukaa kwenye chemchemi kila asubuhi, nyuma ya gogo, mahali ambapo mnyama akija anakuwa mbali kama mlango wa jiko langu na zizi. Baridi ilinitafuna, Janelle alinisihi turudi, nikakataa. Siku zikaenda. Kibali changu kilikuwa kimebakiza asubuhi moja tu alipotoka jike, peke yake, akainama kunywa. Nilingoja mpaka alipogeuka ubavu na mguu wa mbele ukasogea. Nikavuta mara moja, nyuma ya bega. Alitembea kidogo kama aliyesahau kitu, akalala. Janelle alilia, halafu akaniuliza kwa nini na mimi nalia. Nikasema ni upepo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Burdett halijui. Jicho langu la kulia halioni tangu machipuko. Daktari amesema halitarudi. Ulidhani naringa nilipomwachia Janelle usukani wa kwenda kanisani. Majira yote ya joto nilijifunza upya nyuma ya zizi, kitako cha bunduki begani kushoto, jicho la kushoto, mkono ukipita juu ya bunduki kwenda kukoki upande wa pili kama mlevi anayetafuta kitasa. Na bega la kushoto ndilo lile alilonivunja farasi. Magnamu yako ingelitoa mahali pake. Sikukuambia kwa sababu ungekuja na lori siku hiyohiyo.

Risasi iliyomuua nimeitia humu kwenye bahasha. Tuliikuta chini ya ngozi ya ubavu wa pili. Ishike vizuri, uione ilivyofunguka, halafu chumba chako cha nyuma kirudishie cherehani ya Ingrid.

Bunduki njoo uichukue mwenyewe, posta sina imani nayo. Maini nimekuwekea, vitunguu uje navyo. Msalimie Ingrid, mwambie anywe dawa. Janelle anakusalimu, na Burdett pia, ingawa hajatumwa.

Dada yako mkubwa, na bado mkubwa,
Thora