Sahani ya Pili

Kwako Mwaitu, mama yangu mpenzi huko Tseikuru,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi ya asubuhi? Na mbuzi, bado wanamtoroka Mutua? Mimi ni mzima, tena nimenenepa, sare ya kazi inanibana kiunoni. Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu unaanza kulia kabla sijamaliza salamu. Mutua akusomee polepole, asiruke kitu.

Ni yeye aliyenipigia. "Ndinda, tangu Mama asikie kwa redio mtu amepotea kwa meli yenu, anakuwekea sahani kila jioni. Nikimwambia uko sawa, hanisikii." Nilikasirika, Mwaitu, halafu nikajifungia chooni nikalia. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana redio haikusema yote.

Aliyepotea ni abiria, mzee mpole wa chumba kimoja kati ya vile ninavyosafisha. Mkewe aliamka asubuhi akakuta kitanda cha mumewe kitupu. Tulitafuta meli nzima, majikoni, hata ndani ya mashua za kuokolea watu. Kisha nahodha akageuza meli. Jumba lote lile, na watu wote waliolipia kutembezwa miji, likarudi nyuma kwa ajili ya mzee mmoja. Sisi wafanyakazi tulipangwa ukingoni, macho majini, mpaka shingo zikauma. Hatukumpata. Iliniuma sana, sikufichi.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea mkewe chai na mayai, nikaweka sahani mbili kwenye trei. Sikuwa nimesahau. Nilikumbuka Baba alivyoondoka na lori kutoka Mtito Andei asirudi, nawe ukawa unampakulia muthokoi wake wa mahindi na maharagwe kila jioni na kuufunika, na hakuna aliyethubutu kukuuliza. Msimamizi wangu, ambaye hukagua kila trei, akanisimamisha. "Mtu ni mmoja, sahani mbili za nini?" Nikamwambia kwetu sahani haiondolewi mpaka mwenye nyumba aseme. Alinitazama, akanipisha. Unanijua nikikaza shingo.

Yule mama aliipokea trei. Aliisogeza sahani ya pili upande wa mumewe, akaifunika kwa kitambaa. Ikawa hivyo kila asubuhi, nami baadaye naiondoa haijaguswa. Siku ya kushuka bandarini aliifunua, akaisukuma mbele yangu. "Keti ule."

Sisi haturuhusiwi kuketi na abiria, sembuse kula chakula chao. Niliketi. Nikala mayai yaliyopoa mpaka nikayamaliza, yeye amenishika mkono, analia kwa sauti kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sawasawa na ile jioni uliponipa sahani ya Baba ukasema, "Kula, Ndinda. Baba yako harudi tena."

Kwa hiyo mara mbili nimekula chakula cha mtu aliyepotea, Mwaitu. Ile sahani naijua vizuri, na si yangu. Mkataba mpya nimeutia sahihi na sitaurudisha. Kazi hii naipenda na naiweza, na ukingo wa meli siukaribii bila sababu. Naomba baraka yako, si machozi. Desemba nitashuka kwenye basi hapo sokoni na sanduku langu, na wewe utalalamika kwamba nimenenepa.

Nisalimie Susu, mama yake Baba, umwambie shali nzito aliyoitaka nimeipata. Nisalimie mchungaji wetu na akina mama wa kanisa waliokuja kukaa nawe. Mungu awabariki, sasa warudi makwao. Mjomba Kimanzi, ndugu yako, aache kuniombea kama maiti. Aniombee kama mtu wa kazi. Na Mutua, kaka yangu, asante kwa kupiga simu, ila mbuzi wachungwe.

Jioni ya leo, Mwaitu, ioshe hiyo sahani yangu uirudishe kabatini. Nikifika nitajipakulia mwenyewe.

Binti yako aliye hai,
Ndinda