Swichi ya Kijani Sikuizima

Basi dada, tuliishia pale mlangoni, pale birika lilipofurika nikaikunja barua iliyopita na kuituma hivyo hivyo bila hata kukuaga. Shikamoo kwanza. Goti limepoa? Na ile cherehani yako, bado inakula uzi au umeshapata mtu wa kuitazama? Mimi mzima, mwili ndio unaongezeka tu, sketi ya kazini naifunga kwa pini mbili. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usicheke, naandikia juu ya katoni ya sukari humu kwenye chumba cha chai, na shule yangu unajua iliishia wapi.

Nilikwambia ukumbi wetu umepata wageni wa nchi chungu nzima, wamekuja kukubaliana kuhusu vifaa vya masikioni, hivi vya kuwasaidia wasiosikia vizuri kama wewe. Siku ya kwanza nilidhani utani. Watu wazima na suti zao wanabishana kutwa nzima juu ya kidude kisichozidi punje ya haragwe! Lakini nimewamiminia chai siku tatu, na mimi nikisimama mahali lazima nisikie. Kumbe kila kiwanda kinatengeneza cha kwake kivyake, na vingine haviivi na simu. Ukivikutanisha vinagombana, mtu anasikia mngurumo badala ya maneno. Sasa wanataka kanuni moja kwa nchi zote. Ugomvi ni huu tu: viwanda vilazimishwe, au viombwe kwa adabu. Wakiombwa, mwenzangu, nani atahangaika?

Mwenyekiti wao ni mama mwembamba, nywele nyeupe pe, na yeye mwenyewe anavaa vifaa masikio yote mawili. Wako kumi na mmoja wa hivyo. Kwa ajili yao Fundi wa sauti, yule anayetembea kama bata kwa sababu ya magoti, amelaza waya chini ya zulia, ukumbi mzima mpaka huku wanakonywea chai. Ukisema kwenye kipaza sauti, waya unawapelekea maneno moja kwa moja masikioni, hata spika zikiwa zimezimwa. Sisi wengine hatuambulii kitu. Swichi ziko kwenye kabati la chini kabisa, Fundi hawezi kuinama, kwa hiyo kazi akanipa mimi. Nyekundu ya spika, kijani ya waya. Wakitoka kwenda chai, zima zote mbili. Wakati wa kuwaita warudi, washa.

Sasa keti vizuri. Siku ya kwanza nimebeba trei, nikanusa mtu kabla ya kumwona. Manukato yale yale! Nageuka, namwona na pete yake kwenye kidole gumba. Ndiye, dada. Yule wa dukani aliyekuuzia kile kifaa ulichokitia kwenye kopo la vifungo. Siku hizi ni mkubwa, amekuja kukisemea kiwanda kizima. Akanitazama usoni akaomba sukari. Hakunikumbuka hata chembe. Nani anaangalia uso wa mwanamke wa chai?

Mimi nilimkumbuka mpaka kucha. Unakumbuka siku tuliyomrudishia? Ulimweleza vizuri kabisa kwamba ukisogeza simu sikioni unasikia nyuki. Akakichukua, akakifuta kwa kitambaa, akakurudishia. Kisha akaniinamia mimi, si wewe, kana kwamba wewe ni mzigo niliokuja nao, akaniambia kifaa kizima, ila watu wengine huchagua cha kusikia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Basi kila siku Manukato anasimama kuwaambia wenzake hakuna haja ya kulazimishana, eti wanaolalamika hawajui kuvaa. Mwenyekiti akimuuliza kama kiwanda chao kinajua ubovu wowote, anaweka mkono kifuani na kusema hawajawahi kusikia jambo kama hilo. Nami niko pembeni nakunja vitambaa vya meza kama nakunja shingo yake. Niliwaza kumtilia chumvi kwenye chai. Niliwaza kummwagia birika zima mapajani. Nikaona hapana, suti itafuliwa, na yeye ataonewa huruma. Nilitaka mdomo wake mwenyewe ndio umvue nguo mbele za watu.

Na mdomo anao! Wenzake wakienda chai, yeye hubaki ukumbini na mwenzake mnene, miguu juu ya kiti, wanapiga soga kama wako sebuleni kwao. Mimi nakusanya vikombe pale pale, wananiona kama pazia. Siku mbili nimewasikia wakicheka mambo ambayo ukiyasema mbele ya watu hutarudi nyumbani mzima.

Siku ya tatu wakatoka kwenda chai. Nikafungua kabati. Nyekundu nikaizima, ukumbi ukawa kimya. Ya kijani sikuizima. Halafu nikapeleka bakuli la sukari mezani kwa Manukato, nikaliweka mbele ya kile kitaa kidogo cha kipaza sauti chake ili asione kwamba kinawaka. Hata asante hakusema. Nikatoka zangu na trei kwenda kutazama.

Yaani ungekuwepo! Watu wamejaa chumba cha chai, kelele, biskuti zinatafunwa. Ghafla Mwenyekiti akaganda, kikombe kiko hewani. Kisha yule mrefu wa dirishani. Kisha wawili wa kwenye kochi. Nikahesabu vikombe kumi na kimoja vimesimama hewani, na wenye masikio mazima wanaendelea kusimuliana habari za hoteli, hawana habari! Chumba kizima, viziwi peke yao ndio waliokuwa wanasikia. Nilijiuma shavu la ndani nisicheke.

Waliporudi, Mwenyekiti hakupayuka. Alikaa, akarekebisha miwani, akamuuliza tena kwa upole lile swali lake: kiwanda kilijua? Manukato mkono kifuani, hawajawahi kusikia. Akamwacha amalize kabisa. Ndipo yule mrefu akainuka akasema, dakika kumi zilizopita ulimwambia mwenzako vifaa hivi vinagombana na simu tangu vilipotoka kiwandani. Wa kwenye kochi akainuka akasema, na kwamba vibovu mnavipeleka kwenye nchi ambazo hakuna wa kuwauliza. Wa tatu, mama mmoja, akasema, na wakilalamika mnawaambia tatizo ni wao wenyewe. La mwisho alilichukua Mwenyekiti, akalisema polepole: nani atamwamini kiziwi?

Dada, Manukato alibadilika rangi. Akatazama kipaza sauti, akasogeza bakuli la sukari, akakiona kitaa kinawaka. Akaniangalia. Siku tatu, ndiyo mara ya kwanza aliniona. Nikamsogelea na trei nikamuuliza kama nimwongeze sukari.

Wakapiga kura papo hapo. Mikono ikapanda kama majani. Viwanda vitalazimishwa, nchi zote, hata chake. Mnene mwenyewe alijificha nyuma ya makaratasi. Nimelala usingizi mtamu jana, sikufichi.

Sasa dada, usiikunje barua, ndiyo nafika kwenye nililokaa kukuandikia.

Siku mama anaondoka, mimi ndiye niliyekuwa na simu pale hospitali. Alikuwa anakuita kwa jina lako la utotoni. Nikakupigia. Ukapokea, ukasema haloo, haloo, ukakata. Nikapiga tena, ukakata. Mara ya tatu nikamwekea mama simu mdomoni aseme mwenyewe, na hiyo ukakata. Nikakumbuka maneno ya Manukato, kwamba wengine huchagua cha kusikia. Sikukuuliza. Nilikwenda kumwambia shangazi kwamba umemkatia simu mama yako anakufa. Kisha mjomba. Kisha majirani wote wa mtaa wa mama. Miaka mitatu unajiuliza kwa nini ukiingia wananyamaza, kwa nini harusi ya mpwa wetu hukuambiwa. Ulikuja kunililia mimi, nikakufuta machozi kwa leso yangu, na maneno yalikuwa yametoka kwangu.

Ulisikia nyuki, dada. Kama ulivyosema. Jana Manukato amelithibitisha kwa kinywa chake, watu kumi na mmoja mashahidi.

Nitapita nyumba zile zile, mlango kwa mlango, kuanzia kwa shangazi. Mdomo ulioutoa uongo ndio utakaourudisha, na unajua nikianza sikosi nyumba. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kukaa mwaka hujanijibu, nitahesabu mwaka. Ila kile kifaa usikitupe, kitoe kwenye kopo, Mwenyekiti ameomba watu wavilete vikafunguliwe mbele yao.

Humo ukumbini Manukato anapiga kelele kwamba amechunguzwa kama mwizi, anataka Fundi afukuzwe leo leo. Fundi wa watu amekaa mlangoni pangu ameshika magoti, ameapa swichi zilizimwa, maana mimi ndiye niliyemwambia zote mbili nimezima. Mtu mzima, ana wajukuu, anaapa kwa uongo wangu. Nilitaka nikumalizie habari ya

Naitwa. Mwenyekiti mwenyewe yuko mlangoni, anauliza nani alishika swichi. Fundi ananiangalia. Nakwenda kusema ni mimi, dada, tena kwenye kipaza sauti, nyekundu na kijani zote zikiwa zimewashwa. Nisalimie cherehani. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Redio