Njia ya Nyuma ya Kilima

Bomani, 10 Februari 2025

Shemeji Lyamba,

Habari za hapo Sibwesa? Mgongo umepoa? Sisi wazima, dada yako Lucia anakusalimia.

Moyo wangu bado uko kanisani. Jana niliposimama kuomba radhi kwa ng'ombe wangu kula mahindi yako, ukaja ukanikumbatia, akina mama wakapiga vigelegele, nikasema kweli Mungu yuko kati yetu. Chuki tumeizika, shemeji. Undugu wetu uchipue upya, asiwepo wa kuung'oa.

Shemeji yako,
Masunga

Sibwesa, 20 Februari 2025

Shemeji Masunga,

Salamu. Mgongo unauma vilevile. Nakuandikia kwa sababu tukionana utaanza kusema, na mimi nitalainika.

Juzi ng'ombe wako wamepita tena. Mahindi ya bondeni yamekwisha, yamebaki ya kilimani, ndiyo chakula chetu cha mwaka. Nilitaka kwenda baraza la kijiji, nikakumbuka nilishakukumbatia mbele ya kanisa zima. Nikikushtaki leo, mbaya ni mimi. Umenifunga kwa radhi yako, bwana.

Shemeji yako,
Lyamba

Bomani, 23 Februari 2025

Shemeji,

Hata kukuuliza hali naona aibu. Vijana wanaochunga hawana kosa. Mimi ndiye niliyewaambia wapitishe ng'ombe shambani kwako, maana njia ya kuzunguka nyuma ya kilima ni ndefu na ina tope. Nilijua hutashtaki. Machozi yangu kanisani yalikuwa ya kweli, Lyamba, na ndicho kinachonitesa. Nililia, nikaona nimeshalipa.

Lucia amesoma barua yako, hasemi na mimi. Haya nayo ni maneno tu, naacha hapa.

Masunga

Sibwesa, 7 Aprili 2025

Shemeji Masunga,

Hujambo? Miguu yako je? Nauliza kwa sababu nimeiona.

Barua yako sikuijibu. Nilisema, hayo tena mahubiri. Nikawangoja ng'ombe, hawakuja. Wiki iliyopita nilikwenda kukata fito nyuma ya kilima, nikakuona unaswaga ng'ombe mwenyewe, suruali umekunja, tope hadi magotini. Uliniona, ukainua fimbo, ukapita.

Jana mwinjilisti alikuomba utuongoze kwa sala, ukatikisa kichwa ukabaki umekaa. Watu wakanong'ona, Masunga amepoa, imani imemtoka. Mimi peke yangu nilijua, na kinywa ninacho, nikanyamaza. Nilifurahi kidogo kusikia unasemwa, shemeji.

Mahindi ya kilimani yamebeba. Jumapili nitasimama niseme nilichokiona, ingawa kusema sijui. Ila kwanza kesho nakuja na jembe, tuchimbe mfereji, tope la njia ile lipungue.

Ndugu yako,
Lyamba