Haukuwa Mtandao, Dada Luseane

Tufuvai,
Kisiwa cha 'Eua,
Tonga.
Jumatatu, 14 Agosti 2023

Mpendwa Dada Luseane,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo sote wawili, wewe kwenye baridi ya Mildura na mimi kwenye upepo huu wa kusini unaopenya hata blanketi mbili. Hujambo dada yangu? Goti lako linaendeleaje na kusimama kutwa kule mnakopanga machungwa? Shemeji Uaisele na watoto hawajambo? Nimesikia shemeji ameanza kuongoza ibada huko, nikamshukuru Mungu. Sisi ni wazima, ila mke wangu Lesieli analalamika mabega. Yeye na wenzake wanagonga magome ya miti kutengeneza nguo za arusi ya binti wa Mchungaji Maikolo, na magongo yao yanaanza kulia hata kabla hatujanywa chai.

Nyangumi wamekwisha fika. Jana katikati ya mahubiri mmoja aliruka karibu kabisa na mwamba, watoto wote wakageuka dirishani. Sisi watu wazima tuliwakodolea macho ya ukali, lakini nakiri kwamba na mimi niligeuka.

Sanduku lako tulilipokea. Blanketi la kijani Lesieli amelificha, anasema ni la wageni. Wageni gani, sijui.

Utashangaa kuona karatasi, wakati simu uliyonitumia Krismasi ipo na inafanya kazi. Barua hii anakuletea Ilaisaane, anayekuja huko kuchuma machungwa. Dada, nimekupigia mara tatu tangu mwezi wa saba. Mara zote tatu, uso wako ulipotokea kwenye kioo, nilikuuliza habari za mvua. Uliniuliza, "Kaka Kelepi, umenipigia kuulizia mvua ya Australia?" Ukacheka. Mimi nikakata. Kwenye karatasi huwezi kuniona, na mimi siwezi kukukatia katikati.

Nianze na simu yenyewe. Unajua mimi shule niliiacha mapema, na vitu hivi vya umeme niliviogopa. Lakini iliponifikia niliipenda. Nilipenda kuona neno la siku asubuhi kwa herufi kubwa, bila kutafuta miwani. Vijana wanaokaa barazani pa duka la Sitiveni sikuwapenda hata kidogo. Wanashika simu zao kwa mikono miwili, wanapiga kelele, "Muue! Nyuma yako! Muue!" Mwezi wa pili nilihubiri juu yao. Nilisema wanaua watu wasiowajua na wazazi wao wanalima peke yao. Watu wengi waliitikia amina, na mimi nilishuka pale nikijisikia vizuri sana.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nasoma neno la siku, likatokea tangazo lenye tikiti maji linalocheka. Nikaligusa. Basi.

Ni mchezo wa shamba, dada. Unapanda, unamwagilia, unavuna, unapakia kwenye lori. Hakuna anayeuawa, kwa hiyo nilijiona sina kosa. Ubaya wake ni kwamba tikiti likiiva na hukulivuna kwa saa yake, linaoza, na pale chini kuna kizee chenye kofia kinakutikisia kichwa. Kile kizee sikutaka kinitikisie kichwa. Mimi ni mkulima, Luseane! Viazi vikuu vyangu kule juu magugu yalifika kiunoni, nami nimekaa kizingitini namwagilia kioo. Lesieli akawa ananiita Bwana Shamba. "Bwana Shamba, humo ndani leo mvua imenyesha? Hebu tuchimbie kiazi kimoja cha humo, tupike." Nilikuwa nacheka naye. Sikujua kwamba nacheka nikitumbukia.

Sasa nisikilize, na kama umesimama tafadhali kaa.

Siku tuliyomzika Shangazi Melenaite, mama yako, wewe hukuweza kuja kwa sababu makaratasi yako ya kuishi huko yalikuwa bado mikononi mwa wakubwa, na ungetoka usingerudi. Ulinililia kwenye simu ukasema, "Kaka, uwe macho yangu. Nataka kumwona akishuka." Nikakuahidi. Nafasi yangu kwenye msiba ule unaijua. Mtoto wa kaka hana la kutafuta mbele, kwenye mwili wa shangazi yake. Mahali pangu palikuwa nyuma, kwenye mashimo ya kupikia kwa mawe ya moto, na mkeka uliochakaa kiunoni na nywele zimenyolewa. Lakini kwa ajili yako Bibi Hulita, aliyekaa kichwani pa marehemu kama mkubwa wetu wote, alitoa ruhusa. Akasema wakati wa kwenda makaburini Kelepi aje mbele na simu, asizuiwe na mtu.

Toakase, binti wa Sitiveni, ndiye aliyekuwa anatunza kisanduku cha intaneti cha kanisa. Alikuja kule mashimoni saa moja asubuhi na nguo zake nyeusi. Akanipa simu. "Baba Kelepi, nimeijaza chaji hadi mia. Kisanduku kiko tayari, kinafika mpaka makaburini, nimejaribu jana. Wewe usiiguse tu mpaka nikuite." Nikamwambia, "Mwanangu, unaongea na mtu mzima." Akacheka, akaenda zake.

Nguruwe walikuwa chini ya majani, hakuna la kufanya ila kungoja. Nikakumbuka matikiti. Nikasema dakika mbili tu, nivune yasioze. Dada, niliinama juu ya kioo kile toka saa moja na kitu hadi karibu saa tano. Wenzangu walinitania, "Kelepi, nguruwe wako huku, si humo!" Na mimi nawajibu, "Namsoma Ayubu." Jina la Ayubu nimelitumia hivyo, siku ya kumzika shangazi yangu.

Toakase aliponiita, chaji ilikuwa imebaki asilimia tisa. Ningeweza kusema. Watu pale walikuwa na simu, ningeomba moja. Lakini ningesema nini? Kwamba mzee wa kanisa amemaliza chaji akivuna matikiti? Nikanyamaza, nikaomba moyoni hizo tisa zitoshe. Ulituona tukitoka ukumbini, najua. Ulimwona Fine wa ukoo wetu na ndugu zake wamebeba jeneza. Uliona ukuta wa makaburi, na mchanga, na miguu ya watu. Hapo kioo kikawa cheusi mkononi mwangu. Jeneza lilikuwa bado halijashuka.

Sikushusha mkono, Luseane. Hilo ndilo nimeshindwa kulala nalo tangu mwezi wa sita. Niliiinua ile simu iliyokufa juu ya kaburi la mama yako, nikaizungusha polepole kama mtu anayekuonyesha, ili watu wasijue. Nilikuonyesha kwaya. Nilikuonyesha maua. Watu walikuwa wananipisha. Mchungaji aliiinamia simu akakuombea kwa jina lako. Halafu Bibi Hulita akashikwa mikono, akaletwa mpaka mbele yangu, akaongea na wewe. Maneno yake nitakuandikia chini, ni yako. Alipomaliza aliniangalia akauliza, "Amesema nini?"

Nikasema, "Analia, Bibi. Hawezi kusema."

Akaipapasa simu kwa kiganja chake kama anayefuta machozi ya mtoto.

Jioni ile uliponipigia na kuuliza kulikoni, mbona mlikuwa watu kumi na wanne sebuleni mnatazama giza, nikasema mtandao ulikatika. Uongo wa kwanza ulitaka wa pili. Wazee wa kanisa walipouliza, nikasema kisanduku hakikuandaliwa vizuri. Toakase alisimama akasema, "Kilikuwa kinawaka mpaka mwisho, nilikuwa nakiangalia." Aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia kitabu cha nyimbo. Wakamnyang'anya kisanduku. Na wewe, dada yangu, ukaandika pale kwenye ukurasa wa ukoo wa mtandaoni kwamba kuna msichana aliyekunyima mama yako kwa uvivu wake. Sikulaumu. Uliandika nilichokuambia. Lakini watu wa Tufuvai wote walisoma, na Toakase hajaimba kwenye kwaya tangu siku ile.

Jumatano iliyopita tulikaa kikao cha wazee. Toakase ameomba kwenda Nuku'alofa kusomea ualimu, na wanataka barua ya kanisa inayosema tabia yake. Mzee Fusi akasema asiyeweza kutunza kisanduku atatunzaje watoto wa watu. Wengine wakakubali. Barua ya kumkatalia ikaandikwa, ikazunguka meza, wakasaini mmoja mmoja. Ilipofika kwangu niliiona kalamu, nikaona mkono wangu unaichukua. Ni mkono ule ule. Nikaiweka kalamu chini, nikawaambia yote, kuanzia tikiti hadi kioo cheusi. Fusi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana.

Barua ile ilichanwa. Kiti changu cha uzee nilikiachia pale pale, na kwenye kuhubiri nimeomba nipumzishwe. Nilipotoka nilimwendea Bibi Hulita nikamwambia. Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa naongea na kipande cha kioo." Nikasema ndiyo. "Basi chukua karatasi. Na usipunguze neno, maana nakujua sasa."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Sitiveni nikiwa nimevaa majani ya mti wa ifi shingoni, kama wanavyokwenda watu kuomba msamaha kwa wakubwa. Nilikaa chini nje ya uzio. Mtu wa miaka yangu kukaa chini mbele ya msichana wa miaka kumi na tisa, hilo halijapata kuonekana hapa. Vijana wa barazani waliacha hata kuuana. Mmoja akasema, "Jamani, Mhubiri kapoteza mchezo!" Wakacheka, na wenzao wakawanyamazisha. Sikuinua uso. Nilistahili zaidi ya hapo.

Toakase alitoka baada ya muda mrefu. Akachuchumaa mbele yangu. "Baba Kelepi, ilikuwa asilimia ngapi nilipokuita?"

"Tisa."

"Tisa! Na nilikuambia usiiguse!" Akaanza kulia, halafu akacheka katikati ya kulia, nikashindwa nijiweke wapi. Akasema, "Mimi nilijua. Siku ile ile nilijua. Nilingoja useme." Akaanza kunivua majani, moja moja, akiyaweka chini. Kisha akasimama. "Lakini Dada Luseane mwambie wewe mwenyewe. Mimi sitamwandikia kumwambia sina kosa."

Ndiyo maana naandika. Simu sasa anaitunza Lesieli, mchezo nimemwomba Toakase aufute, akaufuta mbele yangu. Nasikia hapa wengi wakisema vitu hivi vimeletwa na Shetani. Mimi siwezi kusema hivyo. Simu haikunishika mkono. Hata wale vijana, najua sasa, walikuwa wanacheza mchana kweupe, kila mtu akiwaona.

Haya ni maneno ya Bibi Hulita aliyokuambia makaburini, kama alivyonirudia:

"Luseane, mwanangu, unaniona? Huyu Kelepi anaizungusha zungusha simu, sijui kama unaniona. Mama yako nimemchana nywele mwenyewe. Nimemvika lile gauni la bluu ulilomshonea, vifungo vyote vimefunga, hajanenepa. Hakuwa na kinyongo na wewe. Jumanne aliniambia, mtoto wangu asije akakimbia akapoteza mahali pake kwa ajili ya kuniona nimelala, nimelala kila siku mbele yake na hakuwahi kushangaa. Alisema hivyo huku anacheka. Basi usilie sana, utaumwa na kichwa. Wewe toka mdogo ukilia unaumwa na kichwa."

Na alivyoshuka, nikuambie, maana niliona kwa macho yangu. Walimshusha taratibu, hakuyumba. Mikeka yake ya kuzikiwa ilikuwa minne, wa juu ni ule aliousuka mwenyewe mwaka ule wa kimbunga. Kwaya iliimba bila kinanda. Kulikuwa na jua, halafu manyunyu kidogo, halafu jua tena. Fine ndiye aliyeshuka ndani kumlaza vizuri, na alipopanda magoti yake yalikuwa na mchanga mweupe, hakuufuta mpaka jioni.

Dada, ombi langu la kwanza si langu. Andika pale kwenye ukurasa wa ukoo kwamba Toakase hakukosa. Taja jina langu, litaje lote, Kelepi wa Melenaite, maana shangazi ndiye aliyenipa hilo jina. La pili ni lako kuamua. Siwezi kuja Mildura kukaa nje ya uzio wako. Toakase aliponivua majani nilimwomba aniachie moja, nikamwambia hilo si lake kulivua. Limo humu kwenye bahasha. Litakuwa limekauka likikufikia. Liweke mahali mpaka utakapojua la kufanya nalo, na hata ikichukua miaka, nitakuwa bado nimelivaa.

Lesieli anakusalimu, naye amelia nilipomsomea. Fine na mkewe wanakusalimu, na Bibi Hulita anasema goti likande kwa mafuta ya nazi ya moto, si ya dukani. Wasalimu shemeji Uaisele na watoto wote. Mungu aliyemwona mama yako akishuka, wakati mimi nilikuficha, na akuonyeshe yeye mwenyewe kwa namna anayoijua, na akulinde huko kwenye baridi.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, nisiyestahili kukuita dada lakini sina jina jingine la kukuita,

Kelepi