Nyasi za Daudi

Uwanda wa Hanang, 3 Februari 1985

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinasemaje na baridi ya huko Daudi? Sisi hatuumwi, ila mama hali chakula, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Jumanne matrekta ya shamba la ngano yamelima juu ya kilima cha kaburi la mama yako. Kile ulichonisimulia kwamba ukoo mzima ulikijenga kwa udongo na miti, sasa kimekatwa upande mzima. Mama alikwenda kuweka nyasi mbichi kama kawaida yetu, akarudi nazo mkononi.

Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia, "Mwalimu, nchi inataka mkate." Nikaandika wilayani, kimya. Na sasa natakiwa kuwafundisha watoto ngonjera ya kulishukuru shamba, watoto ambao ng'ombe wa baba zao walikamatwa juzi wakipita kwenye ngano kwenda kunywa maji! Babu, nimechoka na nchi hii. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Kama nakosea, niambie.

Mjukuu wako,
Natalia

Daudi, 17 Februari 1985

Mama yangu Natalia,

Marahaba. Nakuita mama kwa kuwa jina la nyumbani la mama yangu umelirithi wewe. Kifua kinakohoa asubuhi, mchana kinasahau.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Mara ya pili macho yalikataa. Hukukosea kukasirika. Magazeti ninayoyapata hapa yanataja magunia ya ngano, hayataji waliolala chini yake.

Lakini usiseme umechoka na nchi. Tulipofukuzwa huko na shamba hilohilo nilipanda mlima huu na ndama mmoja na bibi yako akiwa mgonjwa. Wenyeji wangu, Qamara na mkewe Verediana, ni Wairaqw, si kabila letu. Babu zetu waliwaibia ng'ombe babu zao, nao wanalijua hilo kuliko mimi. Verediana alitukuta tumesimama nje ya ua, akasema, "Mnangoja mvua nayo iwafukuze?" Akatutia ndani, akatupa uji. Bibi yako alipofariki, walimpa nafasi ya kaburi katika shamba lao. Hao nao ni nchi, mama. Sijamaliza kuwashukuru.

Kuhusu kaburi: malalamiko yako yote uliyapeleka kwa wanaume. Aliyelala pale ni mwanamke. Kosa la namna hiyo kwetu linahukumiwa na nani? Nenda kwa Bibi Udagwenga, yule mzee wa baraza la wanawake. Barua ya kuacha kazi iweke kwanza chini ya godoro.

Babu yako,
Tadei

Daudi, 21 Aprili 1985

Mama yangu,

Sijui hali yako, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kifua. Kila basi linalofika Mbulu, Qamara anauliza, "Mwalimu wetu kasemaje?" Verediana anasema umeolewa kimyakimya ili asile pilau. Anatania, lakini juzi nilimwona anakusalia rozari.

Kama nilikushauri vibaya, nipe japo mstari mmoja.

Babu yako,
Tadei

Uwanda wa Hanang, 9 Juni 1985

Babu,

Shikamoo, na unisamehe. Mwambie Bibi Verediana sijaolewa. Nilikuwa nimesimamishwa kazi, nikaona bora nisikuandikie mpaka nijue mwisho wake.

Bibi Udagwenga aliponisikiliza alisema, "Mwalimu, weka kalamu, shika fimbo." Wanawake wakaja toka kila boma, tukaketi mbele ya nyumba ya meneja wa shamba tukiimba. Alitoka na tabasamu la kikao.

"Mama zangu, mna maombi gani?"

"Hatukuja kuomba," Bibi akasema. "Tumekuja kutoza. Umemlima mama yetu. Tunataka dume jeusi la ng'ombe, na plau lako lipite mbali naye."

Meneja akatuletea mifuko ya unga wa ngano. Babu, wanawake walicheka mpaka wengine wakalala chini! "Unga unachinjwaje?" Isidori, dereva wa trekta, Mwiraqw wa Masieda, akamvuta pembeni: "Meneja, lipa. Hawa wakilaani, mimi sipandi ile mashine."

Basi akaanza kutafuta dume la kununua. Kila boma alilofika aliambiwa, "Lipo, ila halina njia ya kutokea. Ngano yako imeziba." Akazunguka mpaka Mei, na madereva hawakukubali kuwasha trekta. Mwishowe alifungua njia ya ng'ombe kwenda kwenye maji, na njia hiyo inapita kando ya kaburi. Siku ileile akauziwa dume. Tulilichinja, nyama tukala wanawake peke yetu. Baba alikuwa anameza mate nyuma ya ua.

Wilayani waliniita nijieleze kwa "kuchochea". Nilisema nilifuata mila. Wamenirudisha darasani wiki iliyopita, na onyo. Ngonjera aliisoma mwalimu mkuu mwenyewe, akasahau katikati.

Ardhi haijarudi, Babu. Mwakani meneja mwingine anaweza kuifunga ile njia. Bado nina hasira. Ila ile barua niliitoa chini ya godoro nikawashia moto wa chai. Kilima tumekirudishia udongo. Njoo ukione.

Mjukuu wako,
Natalia

Daudi, 30 Juni 1985

Mama yangu Natalia,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimewasomea wote jikoni. Verediana alidai nirudie pale pa unga. Qamara alicheka, kisha akaenda kuulizia nauli ya basi.

Hasira yako itunze, ni mali. Na asante. Mwambie Bibi Udagwenga asante, na yule Isidori, na baba yako kwa kumeza mate kwa heshima.

Tangu tufukuzwe sijaweka nyasi kwa mama. Najua mwezi huu huko uwandani majani yameanza kukauka, ila huku bado ni mabichi. Leo alfajiri Verediana amenikatia fungu kando ya kijito, kutoka shamba alikolala bibi yako, akalifunga kwa kitambaa kilicholowa. Qamara atalibeba yeye. Anasema kifua changu hakibebi nyasi na mzee kwa pamoja.

Tunapanda basi kesho. Barua hii tunaipeleka wenyewe.

Babu yako,
Tadei