Evelina Alipomuaga Babu Yake

Igoma, Mwanza.
Tarehe 9 Machi 2025.

Mwanangu mpendwa Rebeka,

Marahaba, mama. Najua umeniamkia kabla hujaketi kusoma. Hujambo huko Tunduma? Kifua kimepona? Sisi tunapumua. Mkono huu ni wa Modesta jirani, maneno ni yangu. Kwenye simu ungelia, nami ningelia, tusingesema kitu.

Unajua mwanao Evelina na babu yake ni mke na mume kwa utani. Tangu baba yake azikwe, nawe uende kazini, mtoto kapoa. Siku moja akasema, "Mume wangu, tafuta mke mwingine. Mimi namfuata baba." Babu akamjibu, "Nenda bwana, nitaoa mwenye meno yote!" Tukacheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake akampa binti wa Modesta kandambili zake mpya. Nikamsifu, ana moyo!

Alhamisi iliyofuata tukaitwa kanisani, sisi bibi tunaolea wajukuu, tufundishwe na muuguzi. Akasema hata mtoto wa miaka tisa anaweza kutaka kufa. Huaga kama mzaha, hugawa vitu vyake. Nikainuka, kitenge nikakiacha kwenye benchi. Muuguzi akanifuata mlangoni: "Muulize waziwazi, bibi. Kumuuliza hakumpi wazo hilo." Na kwetu kifo hakitajwi mbele ya mtoto!

Nilimkuta anachambua dagaa. "Evelina, unataka kufa?"

"Ndiyo, bibi." Mikono haikuacha dagaa.

Sikumpiga, sikumhubiria. Nilimpakata, mtoto mkubwa vile, miguu inagusa chini. Anasema yeye ni mkosi: baba kafa, mama kaondoka.

Sasa anaongea na muuguzi kliniki, na hatumwachi peke yake. Analala ubavuni kwangu. Babu aliogopa hata kumtania. Juzi Evelina akamuuliza, "Mume wangu, umeninunia?" Mzee akalia mbele yetu. "Sitaki mke mwingine," akasema.

Sikulaumu, Rebeka. Ulikwenda kumtafutia chakula. Lakini hilo neno la mkosi litamtoka kwa mdomo wako, wangu hautoshi. Omba ruhusa. Wakikunyima, acha kazi yao, mihogo ipo.

Nisalimie dada yako Tereza na shemeji Venant. Babu anakusalimu, haya maneno ameyasikia yote. Mungu akutangulie barabarani.

Kandambili zimerudi miguuni mwake. Usimwambie unakuja mpaka uwe umekaa ndani ya basi.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,
Mama yako, Ng'washi